Vidonge vya Kwaresima

Ahimidiwe Mungu aliyeniruhusu kuzeeka, akaniachia macho ya kusomea na mkono wa kuandikia. Ahimidiwe kwa mvua ya mwaka huu, kwa paa lisilovuja upande ninaolala, na kwa mtoto aliyemweka mikononi mwangu nilipokuwa nimekwisha kudhani kwamba kazi ya kulea imeniishia. Ninamshukuru kabla sijaanza kusimulia, kwa sababu nikifika katikati ya habari hii huenda machozi yakanisahaulisha.

Nyumba yangu iko Gumbo, ng'ambo ya daraja la Juba, karibu na barabara iendayo Nimule, mpakani na Uganda. Kila jioni saa moja simu yangu ya zamani huwika kama jogoo. Mjukuu wangu ndiye aliyeuchagua mlio huo alipokuwa na miaka saba. Aliona ni jambo la kuchekesha kwamba katika mtaa mzima sisi peke yetu tuna jogoo anayewika jioni. Sasa ana miaka kumi na sita na yuko shule ya bweni Uganda. Simu inaendelea kuwika. Sijui jinsi ya kuuondoa mlio huo, na sijamwomba mtu anifundishe.

Saa moja ilikuwa saa ya dawa yake. Alizaliwa na virusi vya UKIMWI. Mama yake, binti yangu wa pekee, aligundua hali yake mwenyewe baada ya kujifungua, mtoto alipokuwa akiugua kila mara. Walipimwa siku moja, mama na mtoto, wakaanza dawa siku moja. Binti yangu alikuwa mtu wa mzaha. Alitoka kliniki siku ile akiwa na mifuko miwili ya dawa, akaniambia, "Mama, sisi tumekuwa wanafunzi wa darasa moja."

Binti yangu alifariki mtoto wake akiwa na miaka miwili na nusu. Nitaeleza baadaye jinsi ilivyokuwa. Kwa sasa niseme tu kwamba siku za mwisho, akiwa hospitali, aliniomba neno moja. "Usimwambie. Nitamwambia mimi mwenyewe akifika darasa la tatu. Nataka asikie kwangu." Nikamwahidi. Hakufika hata siku ya mtoto kuingia darasa la kwanza, wala hakupata nafasi ya kuniondolea ahadi ile.

Basi nikaitunza. Mimi ni katekista. Nilisomea kazi hiyo Kenya nilipokuwa mkimbizi, na huko ndiko nilikokipata Kiswahili hiki ninachoandikia. Nimefundisha watoto wengi amri za Mungu. Lakini mjukuu wangu aliponiuliza dawa ile ni ya nini, nilimwambia ni ya nguvu. "Inakupa nguvu uwashinde wenzako mbio." Majirani waliponiuliza niliwaambia ana kifua. Hivyo nilikuwa na uongo wa ndani na uongo wa nje, kama mtu mwenye nguo za kazini na nguo za nyumbani.

Tulikuwa na desturi yetu. Jogoo akiwika, mtoto alileta kikombe cha maji, mimi nikatoa kidonge kwenye chupa nikamwekea kiganjani, kisha nikafumba macho na kusali. Sikuacha hata siku moja. Niliomba Mungu abariki dawa, alinde mwili wa mtoto, ampumzishe mama yake. Nikisema amina na kufumbua macho, kidonge kilikuwa kimekwisha kumezwa na kikombe ni kitupu.

Kliniki tulihudumiwa na muuguzi mshauri kutoka Kenya, mwanamke wa umri ambao binti yangu angekuwa nao. Wakati mwingine akiinama kuandika nilimtazama shingo yake hadi yeye akauliza, "Mama, uko sawa?" Mtoto alipofika miaka minane, muuguzi alisema mtoto anapaswa kuambiwa polepole, kidogo leo, kidogo mwakani, ili akifika ujana awe anajua yote. Alianza yeye. Alikuwa na kitabu cha picha chenye askari wadogo wenye kofia za chuma.

"Ndani ya mwili wako kuna askari wanaokulinda," alimwambia. "Hii dawa inawasaidia."

Mjukuu wangu aliwaangalia askari wale kwa makini. "Wanalipwa?"

"Eh?"

"Mshahara. Wasipolipwa wataenda kwao."

Muuguzi alicheka hadi akavua miwani. Akaniambia, "Mama, hiki kitabu kilichorwa na watu ambao hawajawahi kuishi Juba." Nami nikacheka, nikamshika mtoto mkono, tukaenda zetu. Njiani nilifurahi kwamba mazungumzo yaliishia kwenye kicheko, nisilazimike kuyaendeleza. Miaka mitatu ikapita hivyo hivyo. Kila mara muuguzi aliponikumbusha nilijibu kwamba bado kidogo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemwekea binti yangu nafasi yake. Ilionekana kana kwamba nikisema maneno yale, nitakuwa nimekubali kwamba harudi kuyasema.

Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mjukuu wangu aliingia darasa la komunyo ya kwanza, na mwalimu wa darasa hilo ni mimi. Jumapili kabla ya Jumatano ya Majivu niliwafundisha watoto kujinyima. Nakumbuka maneno yangu kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi mno. Niliwaambia wasimtolee Mungu kitu wasichokitaka. Watoe kile kinachowapa nguvu, wakitoe kwa siri, kila siku hadi Pasaka, na kila mmoja amtaje moyoni mtu mmoja anayemtolea. Mtoto mmoja akasema ataacha sukari kwenye chai. Mwingine akasema ataacha kumpiga mdogo wake, wote wakacheka. Mjukuu wangu hakusema kitu. Nilijivunia ukimya wake. Nilidhani ameelewa neno la siri kuliko wenzake.

Wiki ya mwisho kabla ya Matawi tulikwenda kliniki, akatolewa damu ya kupima wingi wa virusi. Pasaka ikaja, akapokea komunyo akiwa amevaa gauni jeupe ambalo mama yake alilivaa akiwa na umri kama ule, uhamishoni. Nilikuwa nimelibeba kwenye mizigo miaka yote hiyo. Lilimtosha mabegani, likawa fupi kidogo. Nilimtazama akirudi kutoka altareni mikono ikiwa imefungwa, nikamwona mama yake, nikalazimika kuinama nijifanye nafunga viatu.

Majibu ya damu yalichelewa hadi mvua zilipoanza. Muuguzi aliniita peke yangu, akafunga mlango.

"Mama, virusi vimepanda. Vimepanda sana. Na nikihesabu vidonge vyake naona hesabu ni sawa. Anakunywa kila siku?"

"Kila siku. Mbele yangu."

"Unamwona akimeza?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Kisha nikakumbuka kwamba wakati ule huwa nimefumba macho.

Muuguzi hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alisema mtoto akiendelea hivyo dawa itakosa kumsaidia, na dawa za kubadilishia si nyingi hapa kwetu, na mwili wa mtoto hautasubiri. "Amekua, Mama. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hawezi kulinda kitu asichokijua. Nakupa wiki mbili umwambie. Ukishindwa uje naye, tumwambie pamoja. Lakini ingekuwa vizuri asikie kwako."

Kwangu. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi. Neno lilikuwa lile lile la binti yangu.

Nilimwambia Jumamosi iliyofuata, alasiri, tukiwa uani. Gari la maji lilikuwa limejaza pipa letu asubuhi. Maji ya mtoni huja na rangi ya chai ya maziwa. Tunayaacha yatulie, kisha tunatia dawa ya kusafishia ndipo tunakunywa. Kutia dawa kwenye pipa ilikuwa kazi yake. Alipomaliza alikuja kukaa nami kwenye mkeka, nikawa nachambua majani ya mboga ya kulia kisra, mkate wetu mwembamba wa mtama.

Nikamuuliza, "Nikifumba macho kusali, wewe unafanya nini?"

Alichambua majani matatu, manne. Kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na mkebe wa maziwa ya unga. Ulikuwa umekaa siku zote nyuma ya picha ya Bikira Maria, nami nilikuwa nikipiga magoti mbele ya picha ile kila asubuhi. Akauweka juu ya mkeka. Ndani kulikuwa na vidonge, vingine vimeshikana kwa unyevu wa mate, na juu yake picha ndogo ya mama yake, ile ya kitambulisho.

"Ni vya Kwaresima tu, Haboba," akasema. Haboba ndilo neno letu la bibi. "Pasaka ilipofika nilianza kumeza tena. Sikula hata kimoja siku za kufunga, hata Jumapili."

"Kwa nini vidonge?"

"Ulisema tutoe kinachotupa nguvu. Mimi sipendi sukari."

"Ukamtolea nani?"

Akaigusa ile picha kwa kidole. "Nilitaka aje kwenye ndoto. Sijui sauti yake ikoje. Wewe unaota naye, nakusikia ukimwita. Kwangu haji."

Msomaji wangu, nimesimama mbele ya maaskofu nikaulizwa maswali ya imani, nikayajibu yote. Siku ile niliinamia mkebe nikavihesabu vidonge kimoja kimoja. Mtoto alikuwa amenitii katika kila neno. Alichukua uongo wangu na mafundisho yangu, akavifuata vyote viwili kwa uaminifu, navyo vilikuwa vinamuua.

Nikasema, "Dawa hii si ya mbio."

"Najua."

"Unajua?"

"Huwa nashindwa mbio, Haboba. Kila mwaka."

Nikamwambia. Sikuwa na kitabu cha picha. Nilisema jina la ugonjwa kama lilivyo, nikasema kwamba virusi viko kwenye damu yake tangu alipozaliwa, na kwamba dawa ya kila siku huvilaza visimdhuru, na akiiacha huamka. Nikasema hakukosea kitu. Nikasema mama yake pia hakukosea, naye hakujua hadi baada ya kumzaa. Aliuliza kama ndicho kilichomuua mama. Nikasema ndiyo.

"Aliacha dawa?"

Hapo nikafika mahali nilipokuwa nikipaogopa miaka yote. Nikamsimulia jinsi vita vilivyofika mjini na watu wakakimbia. Wakati ule tulikuwa tukiishi mtaa wa Atlabara. Binti yangu alikuwa nyumbani peke yake na mtoto. Alikimbia amembeba mgongoni, na mkononi ameshika chupa moja.

"Ya nini?"

"Ya dawa yako. Ile ya maji, ya watoto. Yake ilibaki juu ya kabati."

"Alisahau?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Alisema mkono mwingine ulikuwa unakushika wewe usianguke."

Nilipowapata tulikaa tumejificha wiki nyingi. Kliniki zilifungwa, barabara zilifungwa. Kila siku alimpa mtoto dawa yake kwa kizibo cha chupa, akakilamba kizibo kikiwa kitupu, akasema kwa mzaha kwamba walau naye ameonja. Tulipofika hospitali kifua chake kilikuwa kimekwisha haribika. Nilimwambia mjukuu wangu hayo yote. Nikamwambia, "Mama yako alivitamani sana vidonge kama hivi. Alivikosa."

Aliutazama mkebe. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayehesabu, "Kwa hiyo alichukua yangu?"

"Yako."

Hakulia. Aliinuka akaenda kwenye pipa, akafunua kifuniko, akatazama ndani. Bila kugeuka akasema, "Mimi ni kama haya maji. Ni machafu, ndiyo maana lazima mtie dawa."

Nilikwenda nikachota kikombe kwenye pipa lile, nikakinywa chote, nikamwambia, "Maji haya yamenilea." Akanitazama kama mtu anayemtazama mzee aliyechanganyikiwa. Labda alikuwa na haki. Kisha akasema, "Usiseme uongo ni amri ya ngapi?"

"Ya nane."

"Basi unaijua."

Kuanzia siku ile hakuniita Haboba. Aliniita Katekista. "Katekista, chai iko tayari." "Katekista, nimefagia." Alisema kwa adabu kamili, hakuna mtu ambaye angeweza kumlaumu, na kila mara nilisikia kama mlango unafungwa taratibu. Majirani walidhani ni heshima. Mama mmoja anayeuza mboga barabarani, aliyekaa Uganda miaka mingi, aliniambia, "Huyu mtoto wako iko na heshima sana siku hizi." Nikamshukuru.

Nilimwomba Mungu anirudishie neno moja tu. Nilikuwa nimempoteza binti, sasa nilikuwa nasikia mjukuu wangu akiondoka huku bado yuko ndani ya nyumba.

Jioni ya kwanza jogoo alipowika nilitoa kidonge nikamwekea kiganjani, nikafumba macho kama kawaida.

"Fumbua macho," akasema.

Nikafumbua.

"Usisali ukiwa umefumba. Niangalie."

Akaweka kidonge kwenye ulimi, akaninyooshea ulimi nione, akanywa maji, akafungua mdomo wazi kama mtoto kwa daktari. Nami nikasali nikimtazama usoni. Nilikuwa sijawahi kusali hivyo. Macho yakiwa wazi maneno yanakuwa machache. Niliona alama ndogo juu ya nyusi yake, ambayo mama yake alikuwa nayo mahali hapo hapo, nami miaka yote ya kufumba macho sikuwa nimeiona. Tulifanya hivyo kila jioni.

Zile wiki mbili zilipotimia tulirudi kliniki. Muuguzi alimketisha, akamuuliza taratibu kama anajua kwa nini anakunywa dawa. Akajibu vizuri kuliko mimi ningejibu. Akataja virusi, akataja damu, akasema dawa ni yake hadi atakapokuwa mzee. Muuguzi akaandika, kisha akauliza, "Na haya nani amekueleza?"

Mjukuu wangu akachezea kifungo cha sare yake. Akasema, "Haboba."

Muuguzi akaendelea kuandika. Hakujua ni nini kilichotokea ndani ya chumba kile. Nilimtazama shingo yake ilivyoinama, nikamwambia binti yangu moyoni: amesikia kwangu, nisamehe, lakini habari ilikuwa yako.

Mungu ni mwema. Miezi kadhaa baadaye damu yake ilipopimwa, virusi havikuonekana tena kipimoni, na vimekaa hivyo hadi leo.

Alipoondoka kwenda shule nilimsindikiza hadi kituoni. Vidonge vyake alivitia ndani ya mkebe ule ule wa maziwa, akavizungushia pamba, kwa sababu chupa ya kliniki hulia ukiitikisa na wasichana wa bweni wana masikio. Ndani kuna picha ya mama yake bado. Basi lilipowasha mashine nikaanza kulia.

"Haboba, acha kulia barabarani," akasema kupitia dirishani. "Watu watadhani naenda kuolewa."

Nilisimama hadi basi likapotea upande wa Nesitu.

Sasa ni mimi na simu. Ikiwika najikuta nimeinuka, wakati mwingine nimekwisha kuchota kikombe cha maji kabla sijakumbuka. Nakaa nacho mezani. Kati ya Jumatatu na Jumamosi sijui kama amemeza au hajameza. Wanafunzi hawaruhusiwi simu, na mtu wa umri wake ana hasira zake na uchovu wake. Nilimwambia ukweli ili aweze kuishi mbali nami, na sasa yuko mbali nami. Natamani kuuona ulimi ule ukinyooshwa. Namtamani yeye, na kupitia kwake namtamani yule aliyekimbia na chupa moja mkononi, hata sijui tena ni nani ninayemlilia. Basi nasali macho yakiwa wazi, natazama mlango, pipa, picha ya Bikira Maria na nafasi tupu nyuma yake.

Jumapili mama wa bweni humpa simu dakika chache. Haulizi habari kwanza.

"Haboba, macho yako wazi?"

"Yako wazi, mwanangu."

"Sawa. Nimemeza zote."

Halafu ndipo ananiambia habari za shule. Mwezi uliopita, kabla ya kukata, alisema kwa haraka kwamba ameota mtu akimwita, na ingawa hakuona sura, sauti ilikuwa na mzaha ndani yake. Aliniuliza kama mama yake alikuwa hivyo. Nikamwambia ndiyo, alikuwa hivyo. Simu ikakatika.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akujalie mtu wa kukutazama unapomeza kilicho kichungu. Akupe ujasiri wa kusema ukweli mapema kuliko nilivyousema mimi, na kwa upole. Wale unaowatamani, walio mbali na waliolala, awaweke mahali pazuri, na siku moja akuoneshe nyuso zao ukiwa umefumbua macho. Amina.